Neno kwa Wazazi na Walimu: Kujaa kwa Darasa la Kwanza

Watu wengi huuliza, "Shule yenu ina watoto wangapi?" Wakiisha kuambiwa hesabu kubwa, huenda zao wameridhika. Mwezi huu twataka kuitazama hesabu hiyo kwa ndani.

Katika nchi ya Tanzania shule za msingi zimefurika mara tatu. Mwaka 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, kikaazimu watoto wote waingie shule. Na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote, yaani UPE, ikaenea nchini. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974 walipata milioni 3.5 mwaka 1983. Walimu walikuwa haba, hata vijana waliotoka darasa la saba wakapewa madarasa huku wenyewe wakijifunza kazi. Baadaye ada ilirudi, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 ada ikaondolewa. Na hesabu, iliyokuwa milioni 4.4 mwaka 2000, ikapita milioni 8 mwaka 2007. Tena mwaka 2016, michango ya lazima ilipokatazwa, walioandikwa darasa la kwanza walizidi milioni 2, ilhali mwaka uliotangulia hawakufika milioni 1.6.

Hatulaumu hata kidogo. Waliofungiwa mlango kwa ajili ya fedha ni watoto wa maskini, na wasichana kwanza. Kufunguliwa kwao ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini angalieni jinsi mafuriko haya yaendavyo. Mlango ukifunguliwa hawaingii wa miaka saba tu. Huingia pamoja nao wa tisa na wa kumi waliokuwa wakingoja. Basi darasa la kwanza la mwaka ule huwa nene kuliko mengine yote, nalo hupanda na unene wake mwaka kwa mwaka. Walioingia mwaka 2002 walitarajiwa darasa la saba mwaka 2008. Shule iliyojenga chumba kimoja kwa wadogo, ikadhani imemaliza, ilijikuta mwaka wa pili haina pa kuwaweka.

Kuna na jambo lingine, nalo hufichwa na hesabu yenyewe. Kanuni ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tuseme shule ina watoto 630 na walimu 14: ukigawanya, kanuni imetimia, na mkaguzi aweza kuandika hivyo. Kumbe darasa la saba lina watoto 40, na walimu hodari wamewekwa huko kwa sababu ya mtihani. Darasa la kwanza wamekaa 120 mbele ya mwalimu mmoja. Sisi twaona huku ni kupanga kazi juu chini. Ajuaye kusoma aweza kujisaidia kwa kitabu. Asiyejua atajisaidia kwa nini?

Fanyeni hesabu ndogo. Kipindi cha wadogo ni nusu saa. Watoto 90 wakisomeshwa mmoja mmoja, kila mtoto apata sekunde 20, na hapo mwalimu hajaandika neno ubaoni. Ndiyo maana wote huimba pamoja herufi, na asiyejua hufunika kutojua kwake kwa sauti ya wenziwe.

Walimu, mwakumbuka Yethro alivyomwona Musa akiamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, akamshauri aweke wakuu wa makumi. Gawanyeni darasa makumi makumi, kila kumi na mtoto mmoja ajuaye kuwasikiliza wenzake wakisoma, nanyi mpitie makumi mawili kila siku. Si dawa kamili, walakini hakuna mtoto atakayemaliza juma mbili asisikiwe.

Nanyi wazazi, wengine husema, "Siku hizi shule ni bure, kazi si yetu tena." Kinyume chake: darasa likijaa, kazi ya nyumbani huongezeka. Hata mzazi asiyesoma aweza kumpima mtoto wake. Mwambie afungue kitabu, funika picha kwa mkono, kisha weka kidole juu ya neno lililo katikati ya ukurasa, umwulize ni neno gani. Asomaye atalitaja. Aliyekariri ataanza tena juu ya ukurasa mpaka afike kwenye kidole chako. Ukiona hivyo, usimpige. Kesho mpeleke mapema, kengele haijalia, umwambie mwalimu ulivyoona.