Kibao cha Kibodi: Tuangalie Mkono Kwanza

Siku hizi ukiingia katika ofisi ya shule, ya chama cha ushirika cha kahawa, au hata katika zahanati zetu, si ajabu kukuta kompyuta mpakato imepandishwa juu ya kasha au rundo la vitabu. Mbele yake pamewekwa kibodi isiyo na waya pamoja na trakipadi, yaani kile kibao laini cha kupitishia vidole badala ya kipanya. Mpango huo ni mzuri. Kioo kikiwa juu, shingo haiinami kutwa nzima, na mabega hayajikunji mbele kama ya mtu anayeota moto.

Taabu yake ni kwamba vitu viwili hivyo havikai pamoja. Kibodi huku, trakipadi kule. Kimoja kinateleza, kingine kinafuatwa kwa mkono mpaka ukingoni mwa meza. Ndipo watu wanapouliza: ninunue kifaa gani cha kuviunganisha? Wapo wanaotaka kuagiza cha plastiki kutoka Dar es Salaam, na wapo wanaotaka kuvigundisha kwenye kipande chochote cha mbao yaishe. Maoni yangu ni kwamba swali hilo ni la mkono kabla halijawa la mfuko. Kibao kibaya cha kuunganishia huumiza zaidi kuliko kutokuwa na kibao, kwa sababu kinalifunga kosa mahali pamoja na kulirudia kila siku.

Tuutazame mkono wenyewe. Ndani ya kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba mfano wa handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na paa lake ni ukano mpana na mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ambao hukipa hisia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kikinyooka, vyote hivyo hupata nafasi. Kikikunjwa kwenda juu au chini, au kikipindwa kuelekea kidole cha mwisho, msongo ndani ya handaki huongezeka na mshipa ule hubanwa.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1713 mganga Mwitalia Bernardino Ramazzini, aliyekuwa akifundisha Padua, aliandika juu ya maradhi ya makarani wa zama zake waliokuwa wakitumia kalamu za unyoya. Alitaja sababu tatu: kukaa muda wote, mkono kwenda mwendo uleule bila kukoma, na akili kukazana kwa hofu ya kukosea vitabu vya mabwana zao. Karani wa leo akisoma maneno hayo atadhani ameandikiwa yeye.

Lakini tusitie chumvi. Wataalamu hawajakubaliana kwamba kibodi peke yake ndiyo inayoleta ugonjwa wa kubanwa mshipa huo. Kazi za kukaza mkono kwa nguvu na mashine zinazotetemesha zimethibitika zaidi kuhusika. Wanawake huupata kuliko wanaume, na mimba, kisukari na kuumia kifundo huongeza hatari. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mkono wake umekwisha kuchoka kwa jembe, mtwangio na ndoo, saa 4 za kibodi iliyokaa vibaya ni mzigo juu ya mzigo. Fikiria muuguzi wa zahanati anayejaza taarifa za wagonjwa katika mfumo wa GoT-HoMIS alasiri nzima, kisha usiku anaitwa kuzalisha. Mkono uliokuwa ukigonga vitufe ndio huohuo utakaotafuta mshipa wa damu wa mama anayetokwa damu. Mkono huo ukifa ganzi, anayepata hasara si karani wala muuguzi peke yake.

Sasa tupime. Nachukua vifaa vya Apple kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana. Mwenye vya kampuni nyingine atapima vyake kwa rula. Kibodi yao fupi iliyotoka mwaka 2015 ina upana wa sentimita 27.89. Trakipadi iliyotoka mwaka huohuo ina sentimita 16, na kina chao ni kimoja, sentimita 11.49, kwa hiyo zinapangika bega kwa bega bila kupishana. Mwaka 2017 ikaja kibodi ndefu yenye safu ya tarakimu upande wa kulia, upana wake sentimita 41.87.

Weka kidole katikati ya herufi, mahali mikono yako miwili inapokutana. Kwa kibodi fupi, kutoka hapo hadi katikati ya trakipadi iliyowekwa kulia ni kama sentimita 22, yaani karibu usawa wa bega la mtu mzima. Mkono unatelemka wenyewe. Kwa kibodi ndefu, umbali huo unafika kama sentimita 36. Hapo mkono lazima utoke nje ya bega, nyonga ya bega ishike uzito wake, na kifundo kipindwe upande. Fanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku, halafu ujiulize kwa nini shingo inauma upande wa kulia tu.

Kwa sababu hiyo nasema wazi: asiyefanya hesabu nyingi asinunue kibodi ndefu. Na mhasibu anayezihitaji tarakimu zile aiweke trakipadi upande wa kushoto, ambako hakuna safu ya tarakimu. Huko umbali unarudi kuwa kama sentimita 22. Mwanzoni mkono wa kushoto utakuwa mzito kama mtoto anayejifunza kuandika. Uvumilie siku chache tu utazoea, maana kusogeza alama kwenye kioo si kuandika hati.

Hapo ndipo penye kipimo cha kwanza cha kifaa cha kuunganishia. Kama hakikuruhusu kuhamisha trakipadi kutoka kulia kwenda kushoto, kiache dukani. Kampuni ya Twelve South ya Marekani ilileta sokoni kibao cha plastiki kiitwacho MagicBridge, ambacho trakipadi huweza kukaa upande wowote. Kwa hilo wanastahili sifa. Ila kimechongwa kwa umbo la vifaa vya Apple tu. Mwenye kibodi nyingine atakuwa amenunua sinia. Kuna pia kibodi zilizounganishwa tangu kiwandani, kama ile K400 ya Logitech, zenye trakipadi ndogo upande wa kulia. Ni nyepesi na zinafaa kwa kazi fupi, lakini yule wa kuandika kutwa simshauri, kwa kuwa hawezi kuihamisha trakipadi na eneo la kupitishia vidole ni dogo.

Wengine watasema: mbona kwenye kompyuta mpakato trakipadi ipo katikati, chini ya herufi, na watu wanaishi? Ni kweli. Apple waliiweka hapo katika PowerBook 500 za mwaka 1994, na wengine wengi wakafuata. Ukitaka kibao cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa, na mwenye bega bovu huenda akakipenda. Lakini kumbuka kwamba kibodi itasogea mbele kwa sentimita 11 na zaidi, na mikono itanyooka kuifuata. Mtu mwenye mikono mifupi hataipenda.

Kuna swali la mawimbi, ambalo huulizwa mara nyingi. Vifaa hivi huongea na kompyuta kwa Bluetooth (jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, sijui angesemaje), kwa nguvu ya elfu chache za wati moja. Simu ya mkononi, mnara ukiwa mbali, huweza kutoa hata wati 2 kwa vipindi vifupi. Anayelala na simu chini ya mto asikose usingizi kwa ajili ya kibodi. Bati chini ya kibodi ndilo la kuepuka, kwa sababu chuma huweza kuyazuia mawimbi hayo. Mbao haiyazuii.

Nije kwenye dalili, maana pengine unayesoma hapa mkono wako umekwisha kuanza. Ganzi au kuchomachoma katika gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, mpaka unaamka na kuukung'uta mkono, kikombe kuponyoka, nyama ya chini ya gumba kupungua. Ukiona hayo usisubiri mpaka mkono ukonde. Mwanzoni kuufunga mkono usiku kwa kigango kinachokinyoosha kifundo husaidia wengi, na hospitalini zipo sindano na upasuaji mdogo. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho, huo ni mshipa mwingine, unaopita kwenye kiwiko, na kibao kipya hakitautibu. Na ganzi ikiandamana na baka la ngozi lililopauka lisilohisi kitu, usiilaumu kompyuta hata kidogo. Inaweza kuwa ukoma, na ukoma bado upo nchini mwetu. Dawa zake zimekuwa zikitolewa bure duniani tangu mwaka 1995, nao humwacha mtu mzima kabisa akiwahi. Nenda zahanati.

Turudi mezani. Meza ya kawaida ya ofisi ina kimo cha sentimita 72 hadi 76. Kwa dada mfupi, viwiko vyake viko chini ya hapo, hivyo huinua mabega na kukunja vifundo kwenda juu ili afikie vitufe. Hapa ndipo kibao cha kuunganishia kinapokuwa msaada wa kweli, kwa kuwa kibodi na trakipadi vikiwa kitu kimoja unaweza kuvishusha mapajani juu ya mto mwembamba, viwiko vikakunjika kama herufi L, na kioo kikabaki juu ya kasha lake. Asiyependa mapaja na aongeze mto kwenye kiti, kisha aweke tofali mbili chini ya miguu isining'inie. Katika mambo yote niliyoyataja, ningelifanya hili kwanza, kabla ya kutoa senti.

Mimi napendelea kibao cha mbao kuliko cha plastiki, wala si kwa uzalendo. Cha mbao kinapimwa kwa vifaa vyako na kwa mwili wako, na kikikosewa kinarudishwa kwenye randa. Mkoa wetu una mninga, ambao hausinyai wala kupinda sana ukikauka vizuri. Fundi mmoja hapa Kitai nilipompa vipimo alinitazama akauliza, "Mzee, hiki ni cha kusukumia chapati?" Nikamwambia karibu na hapo. Kazi yake ilikuwa nzuri.

Lakini mwelekeze, maana hajawahi kukiona. Kibao kisizidi nusu sentimita au milimita 6 kwa unene chini ya vifaa. Plaiwudi nyembamba yafaa pia. Kibodi hizi nyuma zina kimo cha kama sentimita 1 tu, na ukiweka ubao wa sentimita 2 chini yake umeviinua vifundo vyako bure. Trakipadi ya zamani ya mwaka 2010 hubonyea kwa miguu yake midogo ya mpira iliyo chini, hivyo ikishikwa kwa kingo huku ikining'inia haitabonyezeka. Ya mwaka 2015 haibonyei kwa kweli, huhisi nguvu ya kidole na kujibu kwa mtikisiko, lakini nayo inataka kulala sawasawa. Upande wa nyuma uachwe wazi, maana swichi na tundu la kuchajia viko huko. Nimeona kibao kizuri cha kupendeza ambacho mwenyewe alilazimika kung'oa kibodi kila ilipoisha chaji.

Usitumie gundi. Kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli au ndala kuukuu, uviweke chini ya vifaa visiteleze, na vingine chini ya kibao chenyewe. Mwili hupenda kubadilika. Ukisoma hati ndefu uing'oe trakipadi uishike mapajani, ukirudi kuandika uirudishe, na wiki nyingine uihamishie upande wa pili. Fundi aache pembe za ndani wazi kidogo ili vumbi lipate pa kutokea kwa kitambaa. Hapa njia panda, magari ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita kiangazi, unajua mwenyewe hali ya meza ifikapo saa 6 mchana.

Vipimo vya kumpa ni hivi: kwa kibodi fupi, urefu wa sentimita 46 na upana wa 13; kwa ndefu, urefu wa 60. Ukingo wa mbele, unaogusa mkono, aupige randa na msasa mpaka ukipitisha kifundo chako juu yake usihisi kona yoyote.