Darubini ya Bunduki au Vilengeo vya Chuma?



Juma hili twajibu swali la baba mmoja na mwanawe. Baba ni mwindaji wa miaka mingi, mwenye bunduki ya halali, naye hukata leseni ya kuwinda kila msimu. Mwanawe afanya kazi mjini, na ataka kumnunulia darubini ya kufunga juu ya bunduki. Baba asema, "Darubini ni ya mtu asiyejua kunyemelea." Mwana ajibu, "Baba, macho yako si yale ya zamani." Wamebishana hata wakaona heri waulize gazeti.

Mzee wetu, shikamoo. Nawe kijana, umefanya vema kumfikiria baba yako. Tutawajibu nyote wawili, maana kila mmoja anayo haki yake. Tena liko jambo moja ambalo hakuna kati yenu aliyelitaja, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Kabla ya kuendelea, tuelewane. Maneno haya ni ya wenye bunduki ya halali na leseni ya mnyama. Hapa Tanzania, sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 yataka hivyo, na awindaye bila leseni ni jangili hata kama anawinda kitoweo tu. Ndugu zetu wa Kenya wajua kwamba kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Na mwenye gobore asijisumbue kwa habari hii: risasi ya gobore haiendi mbali kwa shabaha hata darubini imfae kitu.

Macho na vitu vitatu

Vilengeo vya chuma ni viwili: kile chenye kikato kilicho nyuma, na kile kijiti kilicho mbele karibu na mdomo wa mtutu. Mwindaji huweka kijiti katikati ya kikato, kisha huweka vyote viwili juu ya mnyama. Basi jicho lina vitu vitatu vya kuangalia kwa mara moja: kikato, kijiti na mnyama. Walakini jicho la mwanadamu haliwezi kuona kwa wazi vitu vitatu vilivyo mbali mbali kwa wakati ule ule. Kwa hiyo wafundishaji wa shabaha husema: angalia kijiti cha mbele kionekane wazi, kikato na mnyama viwe na ukungu kidogo.

Kijana wa miaka 20 hufanya hivyo bila taabu. Lakini mtu akipita miaka 40, jicho huanza kukataa kuona vitu vya karibu. Ndiyo maana wazee husoma gazeti hili wakilishika mbali kwa urefu wa mkono. Jicho hilo hilo ndilo linalotafuta kikato na kijiti cha bunduki.

Tena fikirini hesabu hii. Tuseme kutoka kikato hata kijiti ni sentimita 50. Kijiti kikienda upande kwa milimita 1 tu, risasi itakosa alama kwa sentimita 6 mnyama akiwa mita 30. Akiwa mita 100 itakosa kwa sentimita 20. Mahali pa moyo na mapafu ya swala ni kama sahani tu kwa ukubwa. Kwa hiyo kosa lile la milimita 1, ambalo kwa mita 30 lilikuwa si kitu, kwa mita 100 laweza kuipeleka risasi tumboni au katika paja. Mnyama atakimbia, nawe hutamwona tena.

Hapo ndipo kijana ana haki. Darubini huondoa taabu ile ya vitu vitatu. Ndani yake mna msalaba mwembamba, na msalaba na mnyama huonekana pamoja kwa wazi kama vilivyochorwa juu ya karatasi moja. Mzee ambaye kijiti kimekuwa ukungu kwake, kwa darubini aweza kulenga tena vizuri.

Pale darubini ishindwapo

Sasa tumsikilize mzee. Katika kichaka kinene, au katika majani marefu ya mbugani, mnyama huonekana kwa mita 15 au 20, tena kwa nafasi ya kufumba na kufumbua jicho. Darubini ikuzayo mara 4 huonyesha uwanja wa mita kama 10 kwa upana, penye umbali wa mita 100. Kwa mita 10 huonyesha upana wa mita 1 tu. Nyati akija mbio kutoka kichakani, mwindaji ataona ndani ya darubini ngozi nyeusi tupu, asijue kama ni bega au ni tumbo. Wakati anatafuta, nyati amekwisha fika. Kwa mahali kama hapo vilengeo vya chuma ni bora, maana macho yote mawili yako wazi na bunduki hupanda begani kama mtu anyoshavyo kidole.

Mzee aweza kujisifu kwa mfano mkubwa. Mwindaji Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, aliua tembo zaidi ya 1,000 katika Afrika, na jina lake la utani "Karamojo" lilitoka katika nchi ya Karamoja kule Uganda. Wengi wa tembo hao aliwaua kwa risasi nyembamba ya milimita 7, kwa bunduki yenye vilengeo vya chuma. Wala hatusemi ilikuwa vema kuua tembo wengi kiasi hicho. Leo twajua hasara yake. Lakini angalieni siri ya shabaha yake. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, na alitembea hata akawa karibu sana. Ujuzi wake ulikuwa katika miguu na akili kabla ya kuwa katika bunduki.

Darubini ina matata mengine pia. Skrubu zake hulegea bunduki ikibebwa kwa pikipiki katika njia mbovu. Mvua na umande huziba kioo. Bunduki ikianguka, usiiamini mpaka umeijaribu tena. Na jicho lisikaribie mno: liwe mbali na kioo kwa sentimita 8 hadi 10, la sivyo bunduki irukapo nyuma, pete ya darubini itampasua mtu juu ya nyusi.

Kununua ile kubwa kupita zote si akili

Kijana, jihadhari na wauzaji. Mtu akiwa na fedha hudhani darubini ikuzayo mara nyingi ndiyo bora. Sivyo. Darubini hukuza mnyama, na hukuza vile vile kutetemeka kwa mikono. Tena hupunguza mwanga. Chukua upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ugawanye kwa ukuzaji. Kioo cha milimita 32 chenye kukuza mara 4 hutoa mwali wa mwanga wa milimita 8, nao watosha kulijaza jicho lolote wakati wa magharibi. Kioo hicho hicho kikikuza mara 9 hutoa milimita 3 na nusu tu, na jioni mwindaji huona giza. Kwa mwindaji wa miombo, ile ndogo ya kukuza mara 4, au ile ya kubadilika yenye kuanzia mara 1 au 2, yatosha kabisa.

Viko pia vishikizo vinavyofunguka upesi, ili darubini iondolewe na vilengeo vya chuma vibaki chini yake tayari. Hili ndilo shauri letu kwa bunduki ya mzee: usiving'oe vilengeo vyake. Angalieni pia, bunduki nyingi mpya siku hizi hutoka kiwandani bila vilengeo vya chuma. Mwenye bunduki ya namna hiyo, darubini ikivunjika porini, msafara wake umekwisha.

Na ukiifunga darubini, kazi haijaisha. Sharti bunduki irekebishwe shabaha. Tafuta mahali panaporuhusiwa, penye ukuta mrefu wa udongo nyuma, maana risasi ya bunduki kubwa yaweza kuruka zaidi ya kilometa 3. Weka bunduki juu ya gunia la mchanga. Anza kwa mita 25, kisha mita 100, kila mara risasi tatu kabla ya kugeuza kitu. Katika darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kifundo husogeza risasi milimita 7 hivi kwa mita 100. Weka kando fedha za risasi hizo kabla ya kununua darubini yenyewe. Kama kwa ajili hiyo karo ya watoto itapungua, basi darubini ingoje. Baba awinde kwa karibu, kama alivyozoea.

Jambo ambalo hamkulitaja

Baba amesema juu ya kunyemelea, mwana amesema juu ya macho. Hakuna aliyesema juu ya mnyama aliyejeruhiwa, wala juu ya mtu aliye nyuma ya kichaka.

Darubini humleta mnyama karibu na jicho, lakini haimleti karibu na risasi. Mnyama wa mita 300 bado yuko mita 300. Risasi ya bunduki ya kawaida ya .30-06, iliyorekebishwa kwa mita 100, hushuka sentimita kama 10 ikifika mita 200, na kwa mita 300 imekwisha shuka zaidi ya sentimita 30. Upepo nao huipeleka upande. Hivyo ndivyo darubini impatavyo mtu: humwonyesha pembe na masikio wazi, naye husema moyoni, "Huyu nimempata." Kwa vilengeo vya chuma asingethubutu.

Na mnyama aliyejeruhiwa, nani hulipa? Swala hufa siku mbili baadaye, nyama yake ikaliwa na fisi. Hiyo ni hasara na ukatili. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2417 na 2418, yafundisha kwamba twaruhusiwa kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, bali kuwatesa au kuwaua bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Lakini nyati hafi kwa siku mbili. Nyati mwenye risasi tumboni hulala kichakani kando ya njia akiwa na uchungu na hasira. Atakayekutana naye kesho si mwindaji. Ni mama aendaye kuni, au mtoto aendaye kisimani. Kwa hiyo mwindaji aliyejeruhi hana ruhusa ya kurudi nyumbani na kunyamaza. Afuate damu pamoja na wenzake, na akishindwa, awaambie askari wa wanyamapori na kijiji kizima siku ile ile, hata kama ni aibu.

Tena, darubini ya bunduki si ya kutazamia. Mtu akiona kitu kinatikisika majanini, akainua bunduki ili akitambue kwa darubini, amekwisha elekeza mtutu wa risasi kwa kitu asichokijua. Huenda ni nguruwe. Huenda ni jirani anayetafuta mbuzi wake. Kutambua ni kazi ya macho, au ya darubini ya mkono ile ya macho mawili. Bunduki hupanda begani baada ya kujua, si ili kujua. Na kama giza limeingia hata hujui, nenda nyumbani.

Shauri letu

Mzee, mpime macho kwanza. Nenda hospitali, kwa maana huenda miwani itakufaa kuliko darubini, nayo itakusaidia hata katika Misa. Kisha, kama uwindaji wako ni wa kichakani na kwa mita zisizopita 50, baki na vilengeo vyako. Kama ni wa mbugani, kwa swala na pofu wa mita 100 na zaidi, na kijiti kimekuwa ukungu, pokea zawadi ya mwanao bila haya. Yenye kukuza kidogo, yenye kishikizo cha kufunguka.

Nyote wawili, wekeni mpaka kabla ya kutoka nyumbani. Katika kujaribu, angalieni ni umbali gani risasi tano zote zaingia katika sahani moja. Huo ndio umbali wenu. Mnyama akiwa mbali zaidi, mnyemelee au mwacheni.

Mtakatifu Huberti, askofu aliyekufa mwaka 727, ndiye msimamizi wa wawindaji, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Hadithi ya kale yasema alimfukuza kulungu, akaona msalaba kati ya pembe zake, akasimama. Isaka naye, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 27, macho yalipofifia hakushika upinde mwenyewe; alimtuma mwanawe. Huenda, mzee wetu, msimu mmoja ujao utampa kijana bunduki ya kazi hiyo, baada ya yeye kukata leseni yake mwenyewe, nawe utakaa kumfundisha kunyemelea. Ujuzi huo hauuzwi dukani.

Kwaherini mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wa Parokia