Punje za Maji na Jembe la Mkulima

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wataalamu wamejaribu kuusahihisha usemi huo. Wametengeneza punje ambazo zikifukiwa ardhini karibu na mizizi hunywa maji, huvimba zikawa kama ute, kisha huyarudisha kidogo kidogo udongo unapokauka. Jina lake ni polima za kunyonya maji, na wauzaji wake wanazisifu sana. Yatupasa kusema ukweli juu yake, maana mkulima wa Dodoma au Singida, ambaye hutegemea msimu mmoja wa mvua kwa mwaka mzima, hana shilingi ya kutupa.

Kwanza, jambo lenyewe si uchawi wala si ulaghai. Katika miaka ya 1970 maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, iliunganisha wanga wa mahindi na kemikali, ikapata kitu kinachobeba maji mara mia kadhaa ya uzito wake. Lakini baadaye biashara kubwa ya vitu vya namna hiyo ilikwenda kwenye nepi za watoto, wala haikwenda shambani. Hapo pana fundisho: soko hukimbilia penye fedha, na mkulima maskini huachwa akingoja.

Wenzetu hawakungoja. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India, New Delhi, ilitengeneza punje zake kwa kutumia selulosi, ikaziita Pusa Hydrogel, zikusudiwe kufaa katika udongo wenye joto kali. Kipimo chake ni kilo 2.5 hadi 5 tu kwa hekta. Mwaka 2016, Afrika Kusini ilipokuwa katika ukame, mwanafunzi wa miaka 16, Kiara Nirghin, alishinda tuzo ya sayansi ya kimataifa kwa kutengeneza kitu cha kunyonya maji kutokana na maganda ya machungwa na ya maparachichi. Maganda hayo sisi huyatupa jalalani.

Hata hivyo, twaonya. Punje hizi hutunza maji, haziyaumbi. Mvua isiponyesha kabisa, hazina cha kumpa mmea. Katika maji yenye chumvi, kama ya baadhi ya visima vya mikoa yetu ya kati, nguvu yake hupungua sana. Msaada wake huonekana zaidi katika udongo wa kichanga kuliko katika mfinyanzi, ambao kwa asili yake hushika maji. Tena zile za sodiamu, ambazo ndizo za nepi, zaweza kuudhuru udongo. Za shambani huwa za potasiamu. Na zile zilizotengenezwa kwa kemikali tupu huchukua miaka mingi kuoza.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Vituo vyetu vya utafiti, kama kile cha Makutupora, vizipime punje hizi katika udongo wetu na kwa maji yetu, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili chepesi. Muuzaji alazimishwe kuandika mfukoni zimetengenezwa kwa nini na zitiwe kiasi gani. Vyama vya ushirika vianze kuzijaribu penye faida ya upesi, yaani katika vitalu vya miche na bustani za mboga, kabla ya kumtia mwanachama deni kwa ajili ya shamba zima la mtama.

Wala mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Samadi, matandazo, makinga maji na mashimo ya kupandia navyo hushika maji, na bei yake ni jasho. Punje zije zisaidie kazi hiyo, zisije zikachukua mahali pake. Atakayetuambia kwamba mfuko mmoja utamaliza ukame, tumwombe kwanza atuonyeshe shamba lake.