Mboga ya Jikoni na Mboga ya Daktari

Mama mmoja mkazi wa Jangwani alirejea kliniki akiwa na shinikizo la damu lililokataa kushuka. Miezi miwili kabla nilikuwa nimemshauri aongeze mboga katika mlo wake, naye alitii. "Daktari, siku hizi sikosi mboga," aliniambia. "Mchana dagaa, usiku ng'onda." Chumvi iliyomo katika ng'onda ndiyo hasa niliyokusudia aiepuke.

Kosa lilikuwa langu. Kwake, kama ilivyo kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali. Ndiyo maana swali "Leo mboga gani?" laweza kujibiwa kwa nyama, maharage au kisamvu. Mimi nilitumia Kiswahili cha bango la ukutani. Yeye alinisikia kwa Kiswahili cha jikoni.

Mjadala wa kipi ni tunda na kipi ni mboga si mgeni. Kwa mtaalamu wa mimea, tunda ni sehemu inayokua kutokana na ua na kubeba mbegu. Kwa kipimo hicho, nyanya, bamia, bilinganya, tango na boga ni matunda. Hata hivyo, mwaka 1893, katika kesi ya Nix dhidi ya Hedden, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba nyanya ni mboga. Shauri lilihusu ushuru wa forodha: mboga kutoka nje zilitozwa, matunda hayakutozwa. Majaji walizingatia kwamba katika lugha ya kila siku nyanya huliwa pamoja na mlo wenyewe, si kama kitu cha kuburudisha kinywa baada ya kula.

Naona majaji wale walikuwa na busara. Muuzaji wa Kariakoo naye hakosei anapopanga nyanya karibu na vitunguu, na parachichi karibu na maembe. Lakini meza yake imepangwa kwa ajili ya mpishi, si kwa ajili ya figo wala kongosho. Hatari huanza pale sisi wataalamu wa afya tunapoyaazima majina ya sokoni na kuyafanya maagizo ya tiba bila kuyafafanua.

Tutazame ndizi. Ikiwa mbichi hupikwa na kuwa chakula kikuu, kwa kuwa imejaa wanga. Ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huo hugeuka sukari, nayo huitwa tunda. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kuihesabu katika hali zote mbili. Viazi na mihogo navyo hutoka shambani na huuzwa sokoni pamoja na mboga, lakini Shirika la Afya Duniani, linapohimiza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, haliviingizi katika hesabu hiyo.

Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana, jambo ni zito zaidi. Huenda akahitaji kupunguza potasiamu, madini ambayo yakizidi katika damu yaweza kusimamisha moyo. Tukimwambia tu "punguza matunda", ataacha ndizi na machungwa, lakini ataendelea na mchicha na mchuzi mzito wa nyanya ya kopo, ambavyo pia vina potasiamu nyingi. Atakuwa ametii kikamilifu, na bado yumo hatarini.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuwafundisha wananchi maana sahihi ya neno mboga. Siafiki. Maana yao ni sahihi, na ilikuwapo kabla ya mabango yetu. Anayepaswa kubadilika ni yule anayetoa ushauri.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kushauri tuulize: "Jana ulikula nini, na kwa mboga gani?" Pili, tutaje vyakula kwa majina yake: mchicha, matembele, bamia, papai; na anayetakiwa kuongeza majani tumwambie mboga za majani, kisha tutaje na namna ya kuzipika na kiasi cha chumvi. Tatu, wanafunzi wetu wa udaktari, uuguzi na lishe wapelekwe sokoni na kwenye magenge wakasikilize wanunuzi, kabla hawajaandika kipeperushi chochote.

Mama yule tulikaa naye upya. Safari hii sikutamka neno mboga hata mara moja. Nilimwomba anieleze sufuria yake ya jana, tukaianza kazi hapo, chakula kimoja baada ya kingine. Ilituchukua dakika kumi, ambazo nilipaswa kumpa tangu siku ya kwanza.