Serkali, mbolea ihesabiwe shambani, si mlangoni pa kiwanda



Kila mwaka, mwezi wa kumi ukikaribia, watu wanatengeneza majembe na kutafuta mbegu. Ni wakati huo pia wakubwa wanaanza maneno ya mbolea. Wanasema Kongo itatengeneza mbolea yake, serkali itasaidia viwanda, njaa itakwisha. Rais Tshisekedi mwenyewe ametupa usemi kwamba udongo ulipize kisasi juu ya madini. Usemi ni mzuri. Mimi pia nataka mbolea ya Kongo. Lakini pesa ya serkali ikiishia mlangoni pa kiwanda, mulimaji atabaki na jembe lake na udongo wake uliochoka. Msaada wa kweli uhesabiwe kwa mifuko iliyofika shambani kabla ya mvua.

Ahadi tumezisikia nyingi. Mwaka 2006 marais wa Afrika walikutana Abuja, wakasema kufika 2015 kila hekta itapata kilo 50 za chakula cha udongo. Mwaka 2015 ulipita, na Kongo bado iko kwenye kilo chache tu kwa hekta, kati ya nchi za mwisho Afrika. Mwezi wa tano 2024 wakakutana tena Nairobi, wakaahidi kuongeza mara tatu mbolea inayotengenezwa na kugawanywa Afrika kwa miaka kumi. Tukubali ahadi hiyo, lakini tuangalie kwanza yaliyowapata jirani zetu.

Tuanze na Burundi, ng'ambo ya ziwa hili hili. Tangu 2019 kiwanda cha FOMI cha Bujumbura kinatengeneza mbolea yenye mchanganyiko wa samadi, dolomi ya nchini na madini yanayotoka ng'ambo. Serkali ya Burundi iliiweka mbolea hiyo katika mpango wake wa ruzuku, ikachukua nafasi ya ile ya kigeni. Kuna faida ndani yake, wala sitaificha. Kazi ilipatikana, samadi ikapata soko, udongo mchachu ukapata dolomi. Lakini mulimaji wa Burundi alilipa kwanza. Alitoa sehemu ya pesa mapema, akamalizia baadaye, kisha akangoja. Msimu baada ya msimu magazeti ya kule yaliandika juu ya watu waliolipa na mvua ikawakuta mikono mitupu. Nchi ilikosa pesa za kigeni za kununua yale madini ya kuchanganya. Na mlango ukiwa mmoja, ukifungwa, hakuna mwingine wa kugonga.

Twende Nigeria, nchi yenye gesi nyingi, na gesi ndiyo inayotengeneza yurea. Mwisho wa 2016 serkali ilianzisha mpango wa kuamsha viwanda vya kuchanganya mbolea vilivyokuwa vimelala. Vikaamka kwa makumi, na mfuko wa kilo 50 ukawekewa bei ya naira 5,500. Watu walifurahi. Baadaye mpango ukabadilishwa, bei za dunia zikapanda, na mfuko ukapita mara mbili ya bei ile. Mwezi wa tatu 2022 kikafunguliwa kiwanda cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 za yurea kwa mwaka. Mbolea yake inavuka bahari hadi Brazil na Marekani, maana kule kuna dola. Mulimaji wa Nigeria anashindana na tajiri wa Brazil kwa mfuko uliotengenezwa nchini mwake. Kiwanda kuwa nyumbani hakujawa dawa ya bei.

Tanzania ilichukua njia nyingine kidogo. Msimu wa 2022/23, bei ilipokuwa imepanda sana, serkali iliweka ruzuku ili mfuko wa DAP uliokuwa umepita shilingi 130,000 uuzwe 70,000 kwa mulimaji aliyeandikishwa. Hapo pesa ilimfuata mulimaji mpaka dukani. Ni jambo la kuiga, lakini lina swali lake: nani anaandikishwa? Swali hilo ni zito kwetu kuliko kwa Watanzania.

Hapa Kalemie walimaji wengi hawalimi shamba lao. Mama aliyekimbia kutoka Fizi analima kipande cha kukodi. Analipa kwa pesa, au kwa sehemu ya mavuno, na mwenye shamba anaweza kumwambia mwakani: nirudishie. Siku watu wa serkali watakapokuja na daftari, wataandika jina la nani? Mwenye shamba ataandikwa, atapata mfuko wa bei ya chini, pengine auuze sokoni kwa bei ya juu. Yule mama anayeinama kutwa nzima hatakuwa ndani ya daftari. Na hata akipata mbolea, kwa nini alishe udongo wa mtu ambaye mwakani atamfukuza? Serkali ikisaidia mbolea bila kuangalia mkataba wa mkodi, inamsaidia mwenye ardhi peke yake.

Watu watanijibu: wewe unapinga maendeleo, bila kiwanda tutanunua kwa wageni mpaka lini? Ni neno la haki. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilituonyesha kwamba anayengoja meli ya mbolea anaweza kulala njaa. Lakini tusidanganyane juu ya tulicho nacho. Fosfati ya Kongo iko Kongo-Kati, upande wa bahari. Kutoka kule mpaka Kalemie ni nchi nzima kuvuka, na njia zetu mnazijua. Gesi ya Ziwa Kivu inaweza kutengeneza yurea siku moja. Rwanda tayari inaichoma kupata umeme. Kwa upande wetu maeneo ya gesi yalitangazwa kwa wawekezaji mwaka 2022, na leo vita viko kandokando ya ziwa lile. Atakayekuambia kwamba yurea ya Kivu itafika shambani kwako karibuni, mwombe akupe mfuko mmoja kwanza.

Hata asidi tunayo. Viwanda vya shaba vya Kolwezi na Likasi vinatumia asidi ya salfa nyingi sana kuyeyusha mawe ya madini. Asidi ya namna hiyo, penginepo duniani, inayeyusha fosfati ili iwe mbolea. Kwetu inapatikana kwa ajili ya shaba, kwa ajili ya mahindi haipatikani. Kisasi cha udongo juu ya madini kiko wapi hapo?

Na bado hatujasahau Bukanga-Lonzo. Mwaka 2014 tuliambiwa shamba lile kubwa litalisha Kinshasa. Mamilioni ya dola yalitoka, shamba likaanguka, na mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu juu ya pesa hizo. Je, pesa zile zilijaza sahani ya nani? Ndiyo maana sitapiga makofi kwa sababu waziri amekata utepe.

Kuna kazi ambayo haingoji mwekezaji. Udongo wetu mwingi ni mwekundu na mchachu. Katika udongo wa namna hiyo, fosfati unayoweka inashikwa na chuma na alumini, mmea hauipati. Unanunua mfuko kwa jasho, nusu yake inafungwa ardhini. Dawa yake ya kwanza ni chokaa, na Kabimba, hapo hapo kandokando ya ziwa letu, kuna mawe ya chokaa ambayo kiwanda cha simenti kimeyajua zamani. Chokaa ya shamba haihitaji moto. Ni jiwe la kusagwa laini na kupakiwa. Ukiichanganya na mbolea ya majani, majivu na samadi, mihogo na maharagi yatakuonyesha wenyewe. Hiyo pia ni mbolea ya Kongo, na njia yake ni ziwa, halina mashimo.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, wala si makubwa.

La kwanza, serkali isaidie kusaga na kusafirisha chokaa, pamoja na kupima udongo, kabla ya kuota kiwanda cha yurea.

La pili, sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 ifuatwe. Inasema pembejeo za kilimo zisamehewe ushuru wa kuingia. Msamaha wa mpakani hauna maana ikiwa kila baryeri ya njiani inatoza chake.

La tatu, wakodi na waliokimbia vita waandikishwe kwa majina yao, na chifu ashuhudie mkataba wa shamba wa misimu mitatu angalau.

La nne, kiwanda chochote kitakachopewa pesa ya watu kilipwe kufuatana na mifuko iliyopokelewa vijijini kabla ya mwezi wa kumi, na hesabu isomwe redioni, kijiji kwa kijiji.

Hilo la mwisho ndilo watakalolikataa kwa nguvu, maana linaondoa giza. Lakini mvua haimsubiri waziri. Mfuko unaofika mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa tayari yamegeuka rangi ya manjano, ni mfuko wa kuuzwa, haulishi mtoto.

Nyinyi mlio kwenye mashamba ya kukodi, mnaokula bukari ya kupimiwa, msikubali kuambiwa kwamba maneno ya mbolea ni ya wenye ardhi na wenye viwanda. Siku daftari likija, nendeni, simameni kwenye mstari, semeni: sisi ndio tunaolima.