Skuli ni ya bure, lakini mtoi bila cheti ni ngori: Rada ya Januari kisiwani Mombasa

Cheki hii picha kwanza. Ni Jumatatu ya kufungua skuli, mwezi wa Januari, na jua la Mombasa halijangoja hata saa mbili. Umesimama nje ya geti la shule ya msingi ya umma hapa kisiwani, umemshika mkono mtoi wa miaka 6. Anaweza kuwa wako, anaweza kuwa wa sistako ambaye ameenda job. Viatu ni vipya. Unifomu bado, kwa sababu mathe kasema isinunuliwe kabla mtoto hajachukuliwa. Mbele yako laini ya kina mama wa buibui na madera, na wababa wawili watatu wanaoangalia simu. Zamu yako ikifika, sauti ya dirishani inauliza kitu kimoja tu.

“Cheti cha kuzaliwa?”

Unatoa kadi ya kliniki, ile ya kupimwa kilo na chanjo.

“Hii ni ya kliniki, dadangu. Nenda katafute cheti, ukipata urudi.”

Unarudi mwezi wa tatu, unaambiwa darasa limejaa.

Mtaani tukibonga kuhusu skuli, story huwa ni doh. Nani kaitisha hela za dawati, nani kaitisha za mlinzi. Doh ni noma, sikatai, na nitaifikia. Lakini mimi naona ngori kubwa zaidi ni hiyo karatasi, na kuna sababu yake ambayo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Ukiishika, hutamchukia mwalimu mkuu, na pia hutamwogopa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule ya msingi, serikali ndiyo inayolipia kila mwanafunzi wa shule ya umma. Kwa primary kiwango ni shilingi 1,420 kwa mtoto, kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi 12, unapata kama shilingi 118 kwa mwezi. Hapo Mwembe Tayari hizo ni mahamri na mbaazi za watu wawili, na chai wajinunulie. Shule inatakiwa ijisukume mwezi mzima na hiyo, chaki ndani, maji ndani, stima ndani. Na mara nyingi inakuja imechelewa.

Sasa shika hapa. Hiyo pesa haitumwi kwa kuhesabu vichwa vilivyokaa darasani. Inatumwa kwa kuhesabu majina yaliyo kwenye sistimu. NEMIS ilipoanza kutumika, kila mwanafunzi alitakiwa awe na namba yake, na mlango wa kuipata hiyo namba ulikuwa ni cheti cha kuzaliwa. Sasa wizara inahamia sistimu mpya inayoitwa KEMIS, na mwaka 2025 shule zilikaguliwa moja baada ya nyingine kusaka wanafunzi hewa, wale walio kwenye orodha na hawapo darasani. Kusaka wezi ni sawa. Shida ni kwamba pia kuna watoto wa aina ya pili, ambao ni wazima kabisa, wanakohoa, wanaomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini kwa sistimu hawapo. Mwalimu akimpokea mmoja wao, anajua huyu hajaja na 1,420 yake. Atatumia chaki ya wenzake.

Ndiyo maana geti linakazwa. Si roho mbaya. Ni hesabu.

Lakini hesabu ya mwalimu si sheria, na hapa ndipo nataka uchanuke. Fungua Katiba, Ibara ya 53. Kipengele cha kwanza kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa. Kinachofuata, mstari wa chini yake tu, kinasema ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hizo zote mbili ni deni la serikali kwa mtoto. Kwa hivyo serikali ikishindwa kumpa mtoto deni la kwanza, halafu itumie kushindwa kwake kumnyima la pili, hapo nani amekosa? Si mtoi wa miaka 6.

Kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 pia. Inakataza shule ya umma kutoza karo. Inakataza shule kumbagua mtoto anapotafuta nafasi. Ile intavyu ambayo mtoto anawekwa chini aandike herufi halafu mzazi aambiwe hajafikia kiwango, sheria inairuhusu kwa kazi moja tu, kujua mtoto apangwe darasa gani. Kumfungia nje, hapana. Na sheria hiyo hiyo inasema mzazi asiyempeleka mtoto skuli anaweza kupigwa faini au kufungwa. Yaani ukikaa naye nyumbani una kesi, ukimleta unarudishwa. Chekeni wenyewe.

Kuhusu hela za pembeni: michango inaweza kuwepo, lakini lazima iwe imeidhinishwa na waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto asifukuzwe kwa kukosa kuilipa, na kila shilingi iwe na risiti rasmi. Kwa hivyo ukiambiwa leta thao mbili za dawati, hakuna haja ya kupiga kelele ofisini. Sema kwa upole, “Mwalimu, naomba nipate risiti ya shule.” Utashangaa bei inavyoweza kubadilika.

Na bado nawaonea huruma walimu wakuu. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba serikali haiwezi kumudu kiwango kamili cha mwanafunzi wa sekondari, ile 22,244, na kwamba kinachotoka ni kama 16,900. Serikali ikibonga hivyo kuhusu sekondari, unadhani mwalimu wa primary mwenye 1,420 analala vipi?

Turudi kisiwani, kwa sababu hapa kwetu hii story ina chumvi yake.

Watu wa bara wakisikia mtoto hana cheti wanasema mzazi alizubaa. Kuna waliozubaa, kweli. Kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi 6, na kuna msee anayejua tarehe zote za mechi za Arsenal lakini hilo hajawahi kulisikia. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, na usajili wa kuchelewa unataka ushahidi zaidi, pamoja na vitambulisho vya wazazi. Na hapo ndipo Mji wa Kale na Majengo wanapoumia. Kuna familia ambazo babu yake babu amezikwa hapa hapa Mombasa, lakini kijana wao akienda kuchukua kitambulisho anapigwa msasa kama ameshuka kwa jahazi jana. Jina ni la Kiarabu, kabila haliko kwenye fomu, leta cheti cha babu, leta cha bibi. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa huo msasa kwa kaunti za mpakani kule kaskazini mashariki. Hatua ni nzuri. Lakini waulize vijana wa Kibokoni kama wameusikia huo upepo.

Unaona mnyororo? Mathe wa miaka 20 hana kitambulisho kwa sababu alipigwa msasa. Kwa kuwa hana kitambulisho, cheti cha mtoto kinakwama. Kwa kuwa cheti kimekwama, sistimu haimjui mtoto. Kwa kuwa sistimu haimjui, geti halifunguki. Mtoto analipia mlango ambao mamake ndiye aliyefungiwa.

Kuna kitu kimoja kina mama wanaolea peke yao wanakiogopa bure, nikiseme hapa. Wengi hawaendi kusajili wakidhani bila baba kuja kuweka sahihi jina lake haliwezi kuandikwa, na wanaona haya kuacha nafasi wazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kile kifungu kilichowabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa kinakwenda kinyume na Katiba. Na hata nafasi ikibaki wazi, cheti ni cheti. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kukuuliza baba yuko wapi.

Halafu kuna mambo ya nafasi. Kisiwa ni kidogo, na shule zake zina jina. Mzazi aliyehama Mji wa Kale kwa sababu ya kodi akaenda Kisauni au Likoni bado anataka mtoto asome pale alipoishi yeye, kwa hivyo asubuhi feri inavusha vijana wa unifomu, tuktuk nazo zinatoka Nyali zimejaa. Si mbaya. Ila aliyebaki Makadara, anayeisikia kengele ya skuli akiwa kitandani, anafika wiki ya pili anakuta kila dawati lina watatu.

Wazee wetu wangecheka. Wakati wa mkoloni shule za mji huu zilipangwa kwa rangi: Allidina Visram ya Wahindi, Waarabu na yao, Waafrika na zao, na wazazi wengi wa Mji wa Kale hawakutaka hata kuzisikia, wakihofia watoto watageuzwa dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, alilazimika kuwabembeleza kina baba wawasomeshe watoto, wa kike na wa kiume. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alimaliza sekondari na gredi iliyomnyima nafasi Makerere, akafanya ukarani hapa hapa Mombasa mpaka akapata udhamini wa kwenda Huddersfield, Uingereza, mwaka 1955. Karatasi moja ilimfungia, nyingine ikamfungulia. Leo hakuna anayehitaji kubembelezwa. Watu wanaamka alfajiri kupanga laini.

Sasa rada yenyewe, kama una mtoi wa kuingia Grade 1 mwakani.

Usingoje Januari. Ikifika Septemba uwe umeshaingia eCitizen, upande wa usajili wa raia, na ile taarifa ya kuzaliwa uliyopewa hospitalini. Mtoto akizaliwa nyumbani, safari inaanzia kwa chifu au naibu wake. Huduma Centre yetu iko pale Posta, Digo Road. Beba kadi ya kliniki na vitambulisho, kopi na asili. Ukikutana na broka anayekuambia “nipe thao tatu, cheti kesho asubuhi”, mpite. Namba ya cheti feki inaweza kulala kimya miaka mitano, halafu iamke mtoto anaposajiliwa mtihani wa Grade 6.

Pia jua unambonga nani. PP1 na PP2 ni kazi ya serikali ya kaunti. Kuanzia Grade 1 ni serikali kuu. Mara nyingi madarasa yako kwenye uwanja mmoja, ukuta mmoja, kwa hivyo mzazi anadhani mtoto wa PP2 atasukumwa tu mbele kama gari la mteremko. Uliza mapema kama jina linahamishwa au unaanza upya. Na mtoto aliyekuwa chuoni akisoma Qurani bila kupita nursery bado ana haki ya Grade 1, usikubali kuambiwa vingine.

Kama cheti hakijatoka na skuli zimefunguliwa, nenda hivyo hivyo, na stakabadhi ya maombi mkononi. Omba mtoto aanze huku cheti kikifuatwa. Walimu wengi watakubali, kwa sababu wengi wana utu na pia wameona karatasi iko njiani. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, uipeleke ofisi ya elimu ya Mvita. Usiende peke yako. Mchukue jirani aliyerudishwa siku moja na wewe, maana lazima yupo.

Na kabla ya yote, usiku wa leo, mwambie mathe afungue lile kasha la karatasi. Ukikiona cheti usifurahie haraka. Soma jina herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtoto mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti, Muhammad kwenye kadi ya kliniki na Mohammed kwenye daftari la chuo. Fatma akawa Fatuma, Saleh akawa Swaleh. Nyumbani ni mtu yule yule. Kwa sistimu ni watoto watatu, na yule aliyesimama getini si mmoja wao.