Kaunsela hatakuponya siku ya kwanza, lakini rudi

Kama umeamua kwenda kuona kaunsela, wacha nikwambie mapema usije ukashtuka: siku ya kwanza huenda ukatoka pale ukijiuliza umeenda kufanya nini. Hujapewa dawa, hujaombewa, hujaambiwa "fanya hivi na hivi". Umeulizwa maswali tu, kisha ukarudi stendi ya matatu na mzigo wako ule ule.

Hapo ndipo wengi wetu Kericho na Bomet tunaacha. Mimi nasema siku ya kwanza si ya kuhukumia. Rudi mara ya pili, rudi ya tatu, ndipo uamue.

Tumelelewa na watu wa kutoa jibu papo hapo. Ukiwa na shida, mzee anakukatia shauri, pasta anakuombea, mathe anakwambia vumilia. Na kama umetoka jandoni, unaambiwa wewe sasa ni muren, na muren halii. Kaunsela hafanyi lolote kati ya hayo. Anakusikiza na kukuuliza mpaka ujisikie ukisema kitu ambacho hujawahi kukitamka. Hiyo haifanyiki kwa saa moja.

Basi itakuwaje? Mara nyingi utaanza na maswali. Kuna karatasi ya maswali 9 inayoitwa PHQ-9, ambayo hutumika sana kupima uzito wa msongo wa mawazo. Katika wiki mbili zilizopita, usingizi umekusumbua mara ngapi? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Umewaza afadhali ungekufa? Jibu ukweli. Huu si mtihani, hakuna wa kukupa alama ya D.

Kikao huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Ukitumia dakika 20 kuongea kuhusu mvua ya Kericho, ni sawa. Ukilia, sawa. Ukinyamaza, atangoja. Akiona unahitaji dawa, atakutuma kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hizo nazo si panado. Nyingi huchukua wiki kadhaa kabla uhisi tofauti.

Sasa tuje kwa kinachotutisha zaidi: siri. Nairobi unaweza kupotea katika umati. Lakini Litein au Silibwet, dada wa mapokezi anaimba kwaya moja na shangazi yako, na bodaboda aliyekubeba anajua kwenu. Woga huo una maana, usiambiwe ni ujinga. Kwa hivyo uliza kabla hujasimulia lolote: nani ataona faili yangu? Ni lini unaruhusiwa kutoa siri yangu? Maadili ya kazi yanamtaka akutunzie siri, isipokuwa pakiwa na hatari, kwa mfano unataka kujiua au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayeumizwa. Akikasirika kwa kuulizwa, huyo si wako. Na kama bado huna amani, wewe wa Bomet panda matatu hadi Kericho, wa Kericho ateremke Bomet. Hakuna sheria inayokulazimisha kutibiwa kijijini kwenu.

Uliza pia kama amesajiliwa. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hivyo si kila mwenye ofisi na makochi mawili anafaa kukuchokora roho.

Wengine wanaogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ukimwambia mtaalamu ulijaribu, unaongea na mtu wa kukusaidia. Hujaenda kuandika taarifa kituoni.

Najua kuna atakayesema: shida yangu si akili, ni pesa. Bonasi ikija ndogo mzee hashikiki nyumbani, na mashine zimechukua kazi ya kuchuna majani. Ni kweli. Mei 2023 hasira hiyo ilifanya vijana wachome mashine za kuchuna chai hapa Kericho. Kaunsela hawezi kukurudishia kazi.

Lakini angalia Zimbabwe. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kutumia akina nyanya waliopewa mafunzo, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za mitaa. Waliokuja walikuwa na shida kama zetu: umaskini, ugonjwa, ndoa. Walirudi kwenye vikao, hadi 6, wakichagua tatizo moja na kutafuta hatua moja inayowezekana. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa zimepungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Umaskini haukuisha. Kichwa ndicho kilipata nafasi ya kufikiri.

Kwa hivyo anza. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ya Kericho mjini au ya Longisa, uulizie huduma za afya ya akili. Kama ni kaunsela binafsi, piga simu uulize bei kwanza. Ukirudi mara tatu na bado humwamini, badilisha mtu, usiache matibabu.

Na kama mawazo ya kujiua yamekujia leo, usingoje kikao. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa, au mwambie mtu mmoja akusindikize hospitali iliyo karibu. Mchai ukipogolewa hubaki vijiti, na mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani umekufa. Sisi wa huku tunajua majani yatarudi, na kwamba hakuna anayeenda na kikapu kesho yake.